Baada ya Kambi Mbili: Sisi Twasimama Wapi 2027?



Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kikao cha vijana baada ya swala ya Ijumaa. Wengi mliomba yaandikwe. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimeondoa honi za bodaboda tu.

Swali la siku ile lilikuwa hili: Raila Odinga amefariki Oktoba 15, 2025, na ODM iko ndani ya serikali. Sasa upinzani ni nani, na sisi Waislamu twende kambi gani? Mimi nasema hilo neno "kambi gani" ndilo limetuponza miaka yote hii.

Mwajua kambi mbili zinatoka wapi. Katiba ya 2010 inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika kaunti 24. Hakuna jamii inayoweza kufika huko peke yake. Basi kila uchaguzi ukikaribia vyama vinarundikana pande mbili: Jubilee na CORD 2013, Jubilee na NASA 2017, Kenya Kwanza na Azimio 2022. Daftari la Msajili wa Vyama limejaa majina, lakini stejini kuna matatu mbili tu, na sisi tunapigiwa kelele tupande haraka kabla haijaondoka. Tukishapanda, hakuna anayetuuliza twashukia wapi. Na manamba wa hii na manamba wa ile, jioni utawakuta kibanda kimoja wakihesabu pesa.

Si mzaha. Angalieni historia. KADU ya Ronald Ngala, mtu wa hapa hapa Pwani, ilisimamia majimbo. Novemba 1964 ilijivunja ikaingia KANU, na hoja ya majimbo ikazikwa bila matanga. Machi 9, 2018 tukaona ile salamu ya mkono pale Harambee House, baada ya watu kufa barabarani kwa ajili ya uchaguzi wa 2017. Juni 25, 2024 vijana waliandamana kupinga Mswada wa Fedha, wengine wakapigwa risasi nje ya Bunge. Mwezi uliofuata vigogo wa ODM wakateuliwa mawaziri, na Machi 7, 2025 vyama viwili vikatia saini mkataba KICC. Mara tatu! Anayekwambia Kenya ina siasa za pande mbili, mwulize upande wa pili hukaa wapi uchaguzi ukishapita.

Sisemi watu wasipatane. Kupatana ni kwema, na dini yetu inatufunza sulhu. Lakini sulhu ina mwenye haki na mwenye kudai. Waliopoteza watoto wao hawakuwa mezani.

Sasa tuje kwetu. Agosti 2007 viongozi wetu wa Kiislamu walitia saini makubaliano na Raila. Walikuwa na sababu nzito: mwanzoni mwa mwaka ule watu walikuwa wamekamatwa wakapelekwa Somalia na Ethiopia bila kufikishwa mahakamani. Dai lilikuwa la haki kabisa. Lakini makubaliano yakawekwa kimya, nakala ya uongo ikasambazwa ikisema eti nchi itatawaliwa kwa sharia, na Wakristo wengi wakaingiwa na hofu. Yalipokuja kuwekwa wazi, maji yalikuwa yameshamwagika. Mkataba wa faragha na mgombea mmoja ni kama deni lisilo na shahidi. Utalidai kwa nani?

Wazee wetu wengine bado wanaikumbuka IPK, waliyonyimwa usajili 1992. Uchungu wao nauelewa, maana waliandamana Mombasa wakala virungu na risasi. Lakini leo Ibara ya 91 ya Katiba hairuhusu chama kilichojengwa juu ya dini, na mimi, nisameheni, hata ingeruhusu nisingekitaka. Jirani yangu Mmijikenda asiye Mwislamu, anayefukuzwa kwenye shamba alilozikwa babu yake, ana shida ile ile ya hatimiliki niliyo nayo mimi. Kwa nini nimwache nje ya mlango?

Ninachokitaka ni namna nyingine ya kuhesabu kura. Hapa kwetu anayeongoza eneo bunge huchukua vyote, na kura za wengine zimeenda na maji. Sensa ya 2019 ilihesabu Waislamu 5,152,194, karibu asilimia 11 ya Wakenya. Ukitoa Pwani na Kaskazini Mashariki, wametawanyika: Mumias, Majengo, Kibra, Nakuru, Isiolo. Na maskini wa Kenya, wa dini zote, wametawanyika zaidi. Kura ya Mumias haiwezi kujumlishwa na ya Kisauni hata kama zinadai kitu kimoja.

Afrika Kusini zinajumlishwa. Chama kikipata sehemu fulani ya kura nchi nzima, kinapata viti kwa kiasi hicho. Kule Waislamu hawafiki asilimia 3, lakini Al Jama-ah, chama kidogo, kilipata kiti kimoja bungeni 2019 na viwili 2024. Na 2024 hiyo hiyo ANC yenyewe, iliyotawala tangu 1994, ilishuka chini ya nusu ikalazimika kutafuta washirika hadharani, vyama vikubwa na vidogo. Tofauti na kwetu ni kwamba kila chama kiliingia mazungumzo na kura zake mkononi.

Wala tusidanganyane kwamba kule ni asali tupu. Johannesburg 2023, Al Jama-ah wakiwa na madiwani 3 kati ya 270 walipewa umeya mara mbili, kwa sababu wakubwa walishindwa kuelewana. Meya wa kwanza alikaa miezi michache akajiuzulu. Kiti kikubwa kuliko nguvu zako hukufanya kibaraka. Ndiyo maana sishangilii mtu wa Pwani akipewa cheo Nairobi kabla sijajua alipewa kwa kubadilishana na nini.

Kubadilisha hesabu ya kura kunahitaji kubadilisha Katiba, na si kazi ya mwaka mmoja. Lakini Agosti 10, 2027 utapewa karatasi sita. Hao wa matatu watakwambia upige suti nzima, chama kimoja kutoka rais hadi MCA. Ni nani aliyesema lazima? Kuna wadi 1,450 Kenya nzima, na mgombea huru anaruhusiwa mradi asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Wadini kura mia tatu zinaangusha mtu. Basari ya mtoto wako, taa ya barabarani, dawa za zahanati, hayo yanaanzia kwenye bajeti ya kaunti, na anayeipigia kura ni MCA, si rais.

Urais wa 2022 uliamuliwa kwa tofauti ya kura 233,211. Na Mombasa, chini ya nusu ya waliojiandikisha ndio waliojitokeza. Twalia hatuhesabiwi na hatukwenda kuhesabiwa.

Najua wengine hawakujiandikisha kwa sababu hawana kitambulisho. Miaka na miaka kijana wa Garissa au wa Lamu ameitwa mbele ya kamati athibitishe kwamba yeye ni Mkenya, alete nyaraka za babu. Februari 2025 Rais alitangaza kuufuta msasa huo kwa wakazi wa mipakani. Vizuri. Lakini ile ilikuwa haki yetu tangu mwanzo, haikuwa zawadi ya kulipiwa kwa kura. Kama umekwenda ofisini baada ya tangazo lile ukarudishwa, andika tarehe, ofisi na ulichoambiwa, kisha ututumie inbox. Tunakusanya.

Na kila wadi tunataka watu watano, wanawake wakiwemo, wa dini yoyote. Kazi yao ni kuandika maswali matatu ya wadi yao na kuyapeleka kwa kila mgombea, wa matatu hii, wa ile, na anayekuja kwa miguu. Majibu tutayaweka hapa hapa kwenye ukurasa huu, na jina la aliyekataa kujibu pia.

Wabillahi tawfiq.