Nani Atangulie Kufika? Juu ya Kuchelewa Kumfikia Mgonjwa wa Dharura

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo na wajumbe wa Haki na Amani, Igoma, Mwanza)



Tumeombwa tuzungumze juu ya mgonjwa wa dharura na muda unaopita kabla hajafikiwa na msaada. Hatudhani kwamba pana mahali panapofaa zaidi kwa mada hii kuliko hapa Igoma. Si mbali na tulipoketi yapo makaburi ya marehemu wa meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Meli ile iliruhusiwa kubeba abiria 430. Waliopoteza maisha hutajwa kuwa wapatao 894. Kila mwaka siku hiyo ifikapo, watu huja hapa na mashada ya maua. Tunajua sote kwamba meli ilijaza kupita kiasi, na jambo hilo limekwisha kusemwa sana. Lisilosemwa sana ni yale yaliyotukia baada ya meli kupinduka. Ilielea kwa muda, tumbo juu, na ndani yake walikuwamo watu hai waliokuwa wakigonga chuma. Waokoaji walitoboa tundu ili wawatoe. Hewa iliyokuwa inaishikilia meli ikatoka, nayo ikazama. Waliotoboa hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wenye huruma wasio na mafunzo wala vifaa vya kazi ile, na wapiga mbizi wenye ujuzi kutoka Afrika Kusini walikuja siku kadhaa baadaye, kuopoa maiti.

Je, tulijifunza? Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, watu wakikitazama kutoka nchi kavu. Wakafa zaidi ya 220. Giza lilipoingia kazi ya uokoaji ilisimamishwa hadi asubuhi, na siku ya pili baada ya ajali fundi mmoja wa kivuko alikutwa yu hai ndani ya chombo kile. Kisha tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Waliokuwamo ni 43. Waliokufa 19, waliopona 24. Waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Taarifa ya awali ya uchunguzi ilieleza kwamba mashua ya uokoaji ilifika saa kadhaa baadaye, ikiwa na upungufu wa mafuta na wa oksijeni ya wapiga mbizi.

Tunayataja hayo kwa sababu misiba mikubwa huonekana, nayo inatufunza jambo linalotukia kila wiki katika mitaa yetu bila kuandikwa gazetini: anayetangulia kumfikia mwenye kufa ni jirani yake. Daktari hufika wa pili, pengine wa tatu. Basi swali la haki lina pande mbili: kwanza, jirani huyo anajua nini na ana nini mkononi, pili, yule wa pili anachukua muda gani.

Wataalamu wa afya ya uzazi, tangu mwaka 1994, wamezoea kugawa kuchelewa huko katika mafungu matatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mafungu hayo yalibuniwa kwa ajili ya akina mama wajawazito, lakini yanamfaa kila mgonjwa wa dharura. Mwanadamu aliyekosa hewa huanza kuharibika ubongo baada ya dakika chache, nne hadi sita hivi. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufa ndani ya saa mbili. Damu haingoji kikao cha ukoo.

Hapa hatuna budi kusimulia jambo letu wenyewe, ingawa si la kujivunia.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukitumikia parokia moja ya ng'ambo ya maji, ambako kwenda hospitali kubwa kulihitaji kuvuka kwa kivuko. Usiku mmoja, yapata saa saba, mtu alibisha hodi. Mkewe alikuwa amejifungua nyumbani, mtoto yu mzima, lakini damu haikukatika. Tukawasha gari la parokia, tukamlaza mama nyuma juu ya godoro, mkwewe akimshika kichwa. Tulipofika ufukweni, kivuko kilikuwa kimefungwa upande wa pili. Tukapiga honi, tukawasha taa na kuzima. Vijana wawili wakaenda kutafuta mtumbwi wenye mashine. Waliporudi nao ilikuwa imepata saa kumi alfajiri, na mama alikuwa amekwisha kukata roho.

Kwa muda mrefu tulimlaumu mwenye kivuko. Siku ya arobaini tulipokwenda kuwaona wafiwa, ndipo yule mume alipotueleza mambo kwa utaratibu. Damu ilianza saa mbili usiku. Kwanza alimngoja kaka yake mkubwa, maana ndiye mwenye kauli katika mji ule. Kisha wakatafuta fedha ya mafuta kwa majirani. Tukamwuliza: "Mbona hukuja kwetu moja kwa moja?" Akatazama chini, akasema: "Padre, ulitangaza kanisani kwamba gari la parokia si gari la wagonjwa."

Ni kweli, tulitangaza hivyo. Gharama za mafuta zilikuwa zimetushinda, na baadhi ya watu walikuwa wakiliita gari kwa safari zisizo za lazima. Tulikusudia kuwakemea hao wachache. Aliyetii ni yule aliyekuwa na haja ya kweli. Hesabu yenu ni rahisi: ufukweni tulipoteza muda usiozidi saa tatu, na kabla ya hodi zilikwisha kupotea saa tano. Tangu siku hiyo, tukisikia watu wakilalamikia gari la wagonjwa kwamba limechelewa, huuliza kwanza limeitwa saa ngapi.

Sasa tuseme lililo jema, kwa kuwa lipo, na limeanzia jirani yetu. Katika miaka ya 2010, Sengerema na baadaye Shinyanga, ilijaribiwa njia ambayo leo tunaiita m-mama. Kiini chake ni kukubali ukweli kwamba magari ya wagonjwa hayatoshi, wala hayatatosha kesho. Ndugu wa mgonjwa au mhudumu wa zahanati hupiga simu namba 115, bila malipo. Mpokeaji aliyefunzwa huuliza maswali machache yaliyopangwa, akapima uzito wa hali, akaita gari la wagonjwa lililo karibu. Likikosekana, humwita dereva wa kawaida wa eneo lile, mwenye teksi au gari lake mwenyewe, aliyekwisha kuandikishwa na kukubaliana bei. Dereva akimfikisha mgonjwa hulipwa papo hapo kwa simu. Mgonjwa hadaiwi nauli. Tazameni jinsi utaratibu huo unavyoondoa lile lililomzuia mume yule kwa saa nzima: fedha ya mafuta. (Msamaria naye, mkumbuke, alikuwa na mnyama wa kupanda na fedha mfukoni, huruma yake haikuwa ya maneno.)

Mwaka 2022 Serikali ilizindua mpango huo kwa nchi nzima. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000; katika ule wa mwaka 2022 vilikuwa 104. Tusiseme kwamba simu peke yake ndiyo iliyofanya hivyo. Vituo vya afya vyenye chumba cha upasuaji vimeongezeka, na wahudumu vilevile. Na ng'ambo yetu, daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025. Sisi tuliowahi kulala pale tukingoja foleni ya kivuko tunajua thamani ya kilomita hizo.

Lakini Tume ya Haki na Amani haikuundwa ili kupiga makofi tu. Namba 115 iliwekwa kwa ajili ya mjamzito, mzazi katika majuma sita ya kwanza, na mtoto mchanga. Kijana wa bodaboda aliyegongwa hapa barabara ya Musoma, au mzee aliyepooza ghafla huko Kishiri, je, aite nani? Ipo 114 ya Zimamoto na Uokoaji, ipo 112 ya Polisi. Kwa kawaida, hata hivyo, majeruhi huyo hubebwa na wasamaria, wakimkunja katika bajaji, shingo ikining'inia. Rwanda, nchi maskini kama sisi, ilianzisha mwaka 2007 huduma ya magari ya dharura kwa magonjwa yote kwa namba moja, 912. Kwa hiyo si ndoto ya matajiri. Diwani na mbunge wanapokuja kuomba kura zetu, swali hili waulizwe kwa adabu, na jibu liandikwe.

Kuna pia ile karatasi ya polisi, PF3. Watu wengi husita kumgusa majeruhi, au humpitisha kituoni kwanza huku akivuja damu, kwa kuhofia kwamba hospitali itamkataa. Karatasi hiyo ni kwa ajili ya uchunguzi na ushahidi. Haikutungwa ili imtangulie mgonjwa. Mmoja ampeleke majeruhi hospitali, mwingine aende polisi. Na mahali popote ambapo mgonjwa wa dharura anaambiwa alipe kwanza ndipo aguswe, iwe ni kwa mtu binafsi, kwa Serikali au kwa Kanisa, hilo ni kosa la haki, nasi tusilifunike kwa kuwa mwenye nyumba ni wetu.

Fungu hilo la tatu, kuchelewa baada ya kufika, lina sura nyingine ambayo ni yetu kabisa: damu. Hospitali yetu ya Bugando, iliyojengwa na Maaskofu, ikafunguliwa mwaka 1971, ikatwaliwa na Serikali mwaka uliofuata na kurudishwa mwaka 1985, hupokea wagonjwa wa Kanda yote ya Ziwa. Daktari aweza kuwapo na chumba cha upasuaji kikawa wazi, huku ndugu wanakimbizana ukumbini kutafuta wa kuchangia. Wachangiaji wakubwa wa damu katika nchi hii wamekuwa wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, akiba hupungua. Damu huharibika baada ya wiki tano hivi, kwa hiyo haiwezekani kukusanya nyingi Pasaka ikatumika Noeli. Mwanamume mwenye afya aweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Parokia yenye jumuiya nyingi ikipanga zamu, hasa Juni na Desemba, itakuwa imefupisha muda wa mgonjwa kuliko kwa kununua gari.

Tumalizie na mambo ya hapa hapa. Mwaka 2022 iliendeshwa operesheni ya Anwani za Makazi. Barabara zikapewa majina na nyumba namba. Wengi wetu hatuijui namba ya nyumba yetu. Anayeita msaada usiku huishia kusema: "Ukifika kwenye mwembe, uliza kwa Mama fulani." Dereva mgeni atauliza nani saa nane usiku? Kila mwenyekiti wa jumuiya ahakikishe namba ya nyumba, jina la mtaa na namba 115 vimeandikwa nyuma ya mlango wa kila nyumba. Nao walio juu ya mawe, ambako gari halifiki (sisi wa Mwanza tunapenda kujenga kama pelele), wakubaliane mapema ni vijana gani watakaobeba machela mpaka barabarani, na machela yenyewe inakaa kwa nani.

Mafunzo ya huduma ya kwanza tutawaomba wenzetu wa Msalaba Mwekundu. Tunataka waanze vijana wa bodaboda wa kituo cha hapa njia panda, wawe Wakatoliki au wasiwe, kwa sababu wao ndio wanaokuwapo ajali inapotokea. Wajue kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia kila mara kuchungulia, kumlaza ubavu aliyezimia lakini anapumua, kutomnywesha kitu, kutomnyanyua kwa kwapa aliyeumia mgongo. Kwa jumuiya za wavuvi mafunzo yaongeze namna ya kumpulizia hewa mtu aliyezama.

Kuhusu gari la parokia, tangazo la zamani halipo tena. Ufunguo utakuwa kwa mlinzi, na mafuta ya safari moja ya Bugando yatakuwamo siku zote. Halmashauri ya walei imekubali kuyatenga katika bajeti. Karatasi ya kuandikisha wenye magari walio tayari kuitwa usiku iko mezani kwa katibu. Tafadhali andikeni namba ya simu ile mnayolala nayo, si ile ya dukani.