Jina la Nani Liko Kwenye Hati? Kazi, Mali na Uamuzi katika Ndoa za Kunduchi

Mada kwa semina ya viongozi wa mitaa, vikundi vya akina mama na wavuvi, Kata ya Kunduchi

1. Utangulizi

 

Kila tukikaa kujadili mwanamume na mwanamke, mazungumzo huishia kwenye swali lile lile: nani kichwa cha nyumba? Akina baba husema heshima imepotea, akina mama husema wamechoka kubebeshwa mizigo, tunatawanyika kila mtu na lake. Ninachokileta kwenu leo ni hiki: hapa kwetu mgawanyo wa kazi umeshabadilika siku nyingi. Kisichobadilika ni nani anaamua na jina la nani linaandikwa. Tusipogusa hapo, tutabishana hadi wajukuu.

2. Hali ilivyo

Nendeni pwani asubuhi vyombo vinaporudi. Anayeshuka chomboni ni mwanamume. Samaki wakimwagwa, dalali ananadi, na mwenye mtaji mnene anaondoka na kolekole na changu wakubwa. Akina mama wanasubiri na ndoo na beseni zao, wananunua mafungu wanayoyamudu, wanapaa magamba, wanakaanga kwenye moshi na mafuta yanayochemka, jioni wanatembeza mitaani. Kwenye machimbo ya Mtongani, wenzao wamegonga kokoto kwa nyundo miaka nenda rudi, wengine na mtoto mgongoni.

Fedha hiyo ndiyo inayonunua sare, unga na umeme. Kusi likivuma na chombo kikalala ufukweni, nyumba inakula mtaji wa mama. Baba naye anaumia: amelelewa akiambiwa mwanamume ni mtafutaji, na bahari haimpi. Wengine wananyamaza, wengine wanakuwa wakali. Ukali huo hauongezi samaki.

Sasa ifike siku ya kununua kiwanja. Watu wanakaa ofisi ya serikali ya mtaa, mauziano yanaandikwa: muuzaji fulani, mnunuzi baba fulani. Mama, ambaye fedha zake za kikundi zimo ndani ya bei ile, anatia sahihi kwenye mstari wa mashahidi. Ameshuhudia ununuzi wa kiwanja alichokilipia mwenyewe.

3. Sheria inasemaje

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Kifungu cha 60 ndicho ninachoomba kila mmoja aondoke nacho. Mali iliyopatikana wakati wa ndoa ikiandikwa jina la mmoja, sheria inachukulia kuwa ni yake peke yake, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Ikiandikwa kwa majina ya wote wawili, inachukuliwa kuwa hisa zao ni sawa. Jina moja likikosekana, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia aliyekosa jina.

Kifungu cha 59 kinamkataza mwenye jina kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 66 kinatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Kifungu cha 63 kinamtaka mume amtunze mke, na pia kinamtaka mke mwenye uwezo amtunze mume aliyeshindwa kujimudu kwa maradhi. Huo ni wajibu wa pande mbili.

Ndoa ikivunjika, kifungu cha 114 kinaiagiza mahakama ipime mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao, kwa sababu mahakama iliona alikuwa ametapanya fedha alizopewa na mumewe kuanzishia mradi. Lakini kanuni ile imewasaidia wanawake wengi waliomfuata.

4. Dini na uongozi

Wapo watakaosema majina mawili kwenye hati ni mambo ya kuiga. Wengi wetu hapa ni Waislamu. Uislamu unamtambua mke kuwa na mali yake mwenyewe, na mume hana haki ya kuichukua bila ridhaa yake. Mume akifariki akaacha watoto, fungu la mke ni thumni, yaani sehemu 1 kati ya 8 ya mali ya marehemu. Nyumba waliyoijenga wawili ikiwa kwa jina la marehemu tu, jasho la mjane huingizwa kwenye mirathi, naye akarudishiwa thumni. Kuandika majina yote kunalinda hesabu ya mirathi isichanganye mali ya aliye hai na ya aliyekufa.

Tangu Machi 2021 nchi inaongozwa na Rais mwanamke, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan. Ni hatua kubwa, lakini haiandiki jina la mama yeyote wa Kunduchi kwenye hati ya kiwanja. Kazi hiyo ni yetu.

5. Mapendekezo

(a) Wenyeviti wa mitaa, kabla ya kugonga mhuri, waulize: mnunuzi ana mwenza? Amechangia? Naye aandikwe mnunuzi.

(b) Vikundi vya akina mama vitunze kumbukumbu za mikopo na matumizi yake, kwa tarehe na risiti. Mali bila daftari hupotea bila habari.

(c) Mkopo wa halmashauri ukichukuliwa na mama, mume na mke wakubaliane matumizi kabla fedha haijatoka. Deni lisibaki kwa mmoja na uamuzi kwa mwingine.

(d) Akina baba wenye vyombo wakubali vikundi vya akina mama vinunue kwa pamoja mnadani, ili mtaji mdogo upate nguvu.

6. Maswali ya majadiliano

Kwenye makundi, tujibu haya: Nyumba unayolala, hati yake ina jina la nani? Nani alitoa fedha? Yeyote kati yenu akiondoka duniani kesho, anayebaki atathibitisha vipi sehemu yake? Atakayeona majibu hayamridhishi, ofisi ya mtaa iko wazi Jumatatu. Waende wote wawili.