Mechi mbili za Cairo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mechi ya vijana)



Vijana walituomba tuwape kidogo habari ya mipira ya zamani, kabla hawajacheza na wenzao waliobaki hapa wakati sisi tulikuwa ng'ambo ya ziwa. Wanasema eti wazee tunajua kujisifu na 1974 tu. Ni kweli. Basi mtuache tujisifu kwanza.

Siku zile nchi iliitwa Zaire. Kombe la Afrika lilichezwa Misri, na final ilikuwa Cairo, tarehe 12 Machi 1974, Leopards na Zambia. Sisi tulikuwaka na radio moja kwa mtaa mzima, na mawe yake tulikuwa tunayaanika juani yapate nguvu kidogo. Zambia wakafunga kwanza. Ndaye Mulamba akarudisha. Dakika 90 zikaisha, wakaongeza muda, na karibu na mwisho Ndaye akafunga tena. Kelele yake! Wengine wakaanza kurudi nyumbani wakiimba, kwao mpira umekwisha. Kumbe bado kabisa. Dakika ya mwisho Zambia wakarudisha, mbili kwa mbili. Final ile haikuamuliwa kwa penalti, ilirudiwa nzima siku mbili baadaye. Tarehe 14, Leopards mbili, Zambia sifuri. Na nani alifunga zote mbili? Ndaye. Mabao yetu manne ya Cairo yote ni yake, na kwa kombe zima alifunga 9. Mpaka leo hakuna aliyefikisha hayo kwa kombe moja la Afrika.

Kombe la Dunia la mwaka uleule, kule Ujerumani, Yugoslavia walitupiga tisa. Hiyo tunaipita mbio. Ila mjue jambo moja: katika mechi ile Ilunga Mwepu alimpiga refa teke, na refa akamfukuza Ndaye. Kosa la huyu, akalipa yule.

Sasa vijana, hapa wengi wenu hamkupata kusikia. Mwaka 1994 Ndaye aliitwa Tunisia kwenye Kombe la Afrika, wakampa heshima. Aliporudi nyumbani wezi wenye bunduki wakafikiri ameleta pesa, wakampiga risasi ya mguu. Halafu akaenda Afrika Kusini, mkimbizi kama sisi. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika kule Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kumwombolezea, maana habari ilifika kwamba amekufa. Hakufa. Aliishi karibu miaka 21 mbele, akafariki Januari 2019.

Sisi habari hiyo haitushangazi. Meli ilipotuleta kutoka Kigoma mpaka Baraka, kuna waliofika wakakuta matanga yao yalishakaliwa na shamba lilishagawanywa. Mama mmoja wetu alikuta mjukuu wake amepewa jina lake, jina la marehemu. Siku ile tulicheka sana, yeye wa kwanza. Lakini lile shamba halijarudi.

Njo maana komite haijakubali kufuta yale majina manne tuliyoletewa mwaka huu, ya wenzetu ambao hawajaonekana. Jina likifutwa kwenye daftari, familia haina tena mtu wa kusimama nayo mbele ya chifu kwa neno la shamba. Waliobaki nao wana neno lao, na tunalisikia: wao walizika, wao walilima chini ya risasi, na shamba haliwezi kungoja mtu milele. Hatuwapingi. Tumeomba miezi sita tu. Barua zimekwenda Kigoma na Nyarugusu kwa mikono ya wafanyabiashara wa ziwa, na mbili hazijajibiwa.

Majina hayo manne yatasomwa kwa sauti wakati wa mapumziko, timu zote mbili zikiwa hapa. Wa kwetu na wa waliobaki, mwenye kumwona hata mmoja wao, hata kama ni miaka mitano nyuma, sokoni, kambini, bandarini, afike mezani kwa karani aseme ni wapi na alikuwa na nani.

Refa anatuangalia vibaya sasa. Tunawaachia kiwanja.