Nguo ya Kazi Isiwe Tanuri



Sisi wa njia ya reli twafanya kazi juani, na kokoto na chuma zatupika kutoka chini. Mwaka jana mwenzetu alianguka karibu na Voi. Tulipomfungua ovaroli, ilikuwa imeloa jasho, na ndani mna joto kama chungu kilichofunikwa.

Jambo lenyewe ni hili: jasho halimpozi mtu kwa kutoka tu; humpoza linapokauka. Nguo nzito ya nailoni yenye kubana hulizuia lisikauke. Basi maji ya mwili yaisha, na joto labaki.

Tukiulizwa twataka nini, tujibu: shati pana la pamba nyepesi, rangi isiyo nyeusi, mikono mirefu, lenye matundu ya hewa kwapani na mgongoni. Kizibao cha kung'aa kiwe cha wavu. Kofia ifunike shingo. Kuvua shati si dawa, maana jua huchoma ngozi.

Tena nguo haiondoi haja ya kivuli, mapumziko na maji, kikombe kimoja kila dakika 15 au 20.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri alinde afya yetu. Basi wajumbe wetu waombe hivi: kabla nguo hazijanunuliwa, wachache wetu wazijaribu relini saa nane mchana, zisichaguliwe ofisini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.