Maneno ya Zamani na Kazi ya Leo



Halmashauri ya tawi imeniomba niseme kidogo juu ya swali hili: je, ni haki tajiri amfukuze mtu kwa maneno mabaya aliyoyasema zamani?

Huko Marekani, Julai 2018, kampuni ya Disney ilimwachisha kazi James Gunn, mtengenezaji wa sinema. Kosa lake ni mizaha michafu juu ya kunajisi watoto, aliyokuwa ameiandika Twitter miaka mingi nyuma. Waliofukua maneno hayo ni watu waliochukizwa na siasa zake. Waigizaji wenzake wakatia sahihi barua moja ya kumtetea, na Machi 2019 kampuni ikamrudisha. Sasa, kama maneno yale yalimfanya asifae Julai, mbona alifaa Machi? Hayakubadilika hata herufi moja. Tena huyo alikuwa mtu mwenye jina. Fundi wa karakana ya reli, nani atamwandikia barua?

Sisemi kwamba matusi ni kitu kidogo. Mtu aliyeandika kwamba kabila fulani ni wezi, kisha leo akafanywa nyapara wa watu wa kabila hilo, hao wana haki ya kuuliza, na chama kiulize pamoja nao. Zamu anazigawa sawasawa? Huwaita watu kwa majina yao? Akionekana ni yule yule wa zamani, aondolewe pale. Lakini hayo ni matendo ya leo, nayo yana mashahidi.

Tazameni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kifungu cha 44 kinataja matusi, lakini ni yale anayotukanwa tajiri au mkubwa aliyewekwa naye. Sisi hatukutajwa! Kilicho chetu ni kifungu cha 41: kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, tajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, kisha awasikilize. Na kwa kifungu cha 43, mwenye kuthibitisha sababu ni tajiri, si wewe.

Basi ukiitwa ofisini ukaonyeshwa maneno yako ya mwaka 2012, usitie sahihi karatasi yo yote. Uliza ni nani aliyeyaleta, na kwa nini yameletwa wiki hii tunayodai nyongeza ya mshahara. Halafu keti, uwaambie unamngoja mwakilishi wako.