Kuku Aliyebaki na Chumvi Iliyomo Ndani Yake



Habari nitakayozungumza nanyi leo ni ya jikoni, lakini wanaume nao na wasikilize, kwani wengi wao huomba chumvi mezani kabla hawajaonja.

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, Kibokoni, Kuze na kwingineko, ni desturi watu wa nyumba moja kula pamoja katika sinia. Desturi hii ni njema, ila humtaabisha mtu mwenye shinikizo la damu. Daktari amemwambia apunguze chumvi; basi hupikiwa sufuria yake ndogo na kutengewa sahani yake pembeni, chakula kilichopooza. Siku mbili tatu huvumilia. Siku ya nne mkono wake umekwisha rudi siniani, na ni nani awezaye kumlaumu? Mimi naona dawa ni kupunguza chumvi ya sinia lote. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtu mzima ale chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, na shauri hilo ni la wazima pia.

Sasa tumtazame kuku aliyebaki karamuni, au wa kuchoma wa jana. Huyu amekwisha kutiwa chumvi. Mpishi amrudishapo jikoni humtia chumvi ya pili, kisha na kidonge cha kukolezea mchuzi, ambacho kwa kawaida sehemu yake kubwa ni chumvi. Mlaji amekula chumvi mara tatu asijue. Kwa hiyo upishi wa pili usitiwe chumvi hata chembe, wala kidonge.

Tena kuna jambo la hatari kuliko chumvi. Katika joto la Mombasa kuku aliyepikwa asiachwe mezani zaidi ya saa moja au mbili. Na atiwe katika friji, aliwe kabla ya siku nne kwisha. Aliyelala nje usiku kucha atupwe, japo hanuki.

Kwa nusu ya kuku, twaa viazi vinne au ndizi mbichi nne, kitunguu, nyanya tatu, thomu, tangawizi, pilipili mbichi, na nazi moja. Bizari nunua nzima kule Marikiti, ukaange kavu na kuponda mwenyewe, maana baadhi ya bizari za pakiti zimechanganywa na chumvi. Mvue kuku ngozi, kwa kuwa viungo vya jana vimeshika hapo, umchambue nyama. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo mpaka kiwe chekundu barabara. Tia thomu, tangawizi na bizari, kisha nyanya. Zikisha rojeka, tia viazi na tui jepesi. Viazi vikiwa karibu kuiva, tia kuku, uache vichemke vizuri mpaka kuku awe moto hata ndani. Malizia kwa tui zito, ukikoroga polepole lisikatike.

Hapo funika, punguza moto wa chini, na upalie makaa juu ya kifuniko kwa robo saa, kama upaliavyo wali. Uso wa chakula utashika rangi, na harufu ya moshi itaingia. Ukisha ipua, kamulia ndimu mbili. Zikichemshwa huleta uchungu. Uchachu huu na pilipili ndivyo vinavyoudanganya ulimi usiitafute chumvi. Siku za kwanza watu watanung'unika. Ulimi huzoea baada ya majuma machache.

Lakini ukiweka kando achari ya maembe na kipande cha papa mkavu, kazi yote imepotea. Magadi pia, tunayotia katika maharage ili yaive upesi, yana sodiamu, nayo ndiyo ile ile iliyomo katika chumvi iletayo madhara.

Madukani huuzwa chumvi nyingine yenye potasiamu mahali pa sodiamu. Wengi inawafaa, lakini mwenye maradhi ya figo asiiguse kabla ya kumwuliza daktari, na amwulize pia habari ya viazi, ndizi na nyanya, kwani navyo vina potasiamu nyingi.