Chombo Kimoja, Madaftari Mawili



Habari yangu ya leo ni juu ya kuandikisha vyombo vya majini. Najua mtu wa kwetu Murukulazo ataniuliza, Je, Mwalimu, sisi watu wa Ngara tuna nini na mambo ya majahazi? Vyombo tuvijuavyo sisi ni mitumbwi ya mto Ruvubu na mto Kagera, na kila mtu kijijini ajua mtumbwi huu ni wa nani bila kuandikwa neno lo lote. Swali hilo ni la haki. Walakini vijana wetu hawakai tena kijijini. Wengi hushuka mpaka Chato, nchi iliyokuwa zamani sehemu ya Biharamulo, ama hwenda Muleba, wakafanya kazi katika Ziwa la Viktoria. Huko kijana akiisha kuweka akiba, na baba yake akiisha kuuza kahawa au ng'ombe wawili watatu, hutaka kununua mashua yenye mtambo, au sehemu ya mashua, yaani wawili au watatu washirikiane. Mwuzaji humwonyesha karatasi yenye mhuri. Kijana huona mhuri, moyo wake hutulia, hutoa fedha. Hapo ndipo penye hatari, maana karatasi za chombo si za namna moja, na mhuri wa serikali juu ya karatasi hauelezi kwamba karatasi ile hushuhudia jambo lile ulitakalo wewe.

Chombo kina mambo matatu ya kuulizwa. Ni mali ya nani? Ni cha taifa gani, yaani kikikamatwa mbali, serikali gani itasema, Hiki ni chetu? Tena, chafaa kusafiri, na kimepewa ruhusa ya kazi gani? Katika nchi nyingi maswali haya hujibiwa na madaftari mbalimbali, na maafisa mbalimbali, na wakati mwingine na serikali mbalimbali.

Tutazame Marekani kwanza, maana huko jambo hili limegawanyika wazi kabisa. Serikali yao kuu ilitunga sheria ya kuandika merikebu tarehe 1 Septemba 1789, miezi michache tu baada ya serikali hiyo kuanza kazi. Hata leo lipo daftari la taifa zima, nalo hutunzwa na askari wa ulinzi wa pwani. Lakini kila jimbo nalo lina daftari lake. Mtu mwenye mashua ya kujifurahisha tu, ya kuvulia samaki siku ya mapumziko au kutembeza watoto, akiwa nayo ya tani 5 au zaidi, aweza kuiandika katika daftari la taifa akitaka. Iliyo ndogo kuliko hapo haiingii. Huandikwa katika jimbo.

Wanafunzi, angalieni neno hili tani. Katika habari ya vyombo tani hii si uzito. Kwa hesabu ya zamani ni nafasi: futi 100 za ujazo ni tani moja. Wakiondoa nafasi ya mtambo na ya mabaharia, hupata tani halisi, na hizo tano ni za namna hiyo. Kwa hiyo mashua ya urefu wa mita nane hivi yaweza kufika kiasi hicho, nayo ikipimwa kwa mizani haitafanana na hesabu ile hata kidogo.

Mashua iliyoandikwa katika jimbo hubeba namba ubavuni karibu na omo, na namba ile huanza kwa herufi mbili za jimbo lake. Iliyo katika daftari la taifa hubeba jina lake na jina la bandari, na namba yake ya taifa huwekwa ndani ya chombo penyewe, mahali ambapo mtu akiifuta alama ya kufutwa itaonekana. Mwenye kusafiri mpaka nchi za kigeni hupenda daftari la taifa, kwa kuwa wageni huitambua hati yake upesi; na mwenye kukopesha fedha hulipenda zaidi, kwa kuwa rehani ya chombo huandikwa humo na mnunuzi aweza kuisoma kabla ya kulipa. Waingereza wana mambo kama hayo. Tangu mwaka 1983 walifungua daftari rahisi la vyombo vidogo. Hati yake hueleza kwamba chombo ni cha Uingereza, lakini haishuhudii mali ni ya nani. Anayetaka ushuhuda wa mali sharti aingie katika daftari kubwa, ambamo chombo kwa desturi yao ya kale hugawanywa katika sehemu 64. Desturi hiyo naiona ni nzuri. Yafaa sana kwa watu wanaoshirikiana.

Basi turudi kwetu. Kabla ya habari za leo nitawapa kisa cha zamani, ambacho wengi wa pwani wamekisahau. Katika karne iliyopita kabla ya ile ya 1900 kwisha, majahazi ya watu wa Sur, katika nchi ya Omani, yalikuwa yakija Unguja na pwani yetu kila msimu wa kaskazi. Wenyewe walikuwa raia wa Sultani wa Maskati. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikipekua majahazi kutafuta watumwa. Lakini Wafaransa hawakukubali chombo chenye bendera yao kipekuliwe na Waingereza. Manahodha wa Sur wakaona njia. Walikwenda kwa maafisa wa Kifaransa, wengine Mayotte, wengine Obock, wakapata hati na bendera ya Ufaransa, wakarudi baharini. Mwenye chombo ni Mwarabu wa Sur, chombo kimeundwa Uarabuni, bendera ni ya Ufaransa, na chini ya sitaha mara nyingine walikuwamo watu wetu, wamefungwa, hawaonekani. Bendera ile ilikuwa pazia.

Mataifa yalipokutana Brussels, yakaweka mkataba tarehe 2 Julai 1890. Wakaagiza kwamba jahazi la wenyeji likipewa bendera, mwenyewe athibitishe kuwa ni raia au mtu wa himaya ya dola ile. Jina la chombo na tani zake zichongwe na kupakwa rangi nyuma, katika shetri. Na herufi za bandari yake pamoja na namba ziandikwe kwa rangi nyeusi juu ya tanga. Mnaona kwamba namba za mashua za leo zina ukoo wao.

Ugomvi wa Uingereza na Ufaransa haukwisha mpaka ulipopelekwa mbele ya waamuzi katika mji wa The Hague, nao walitoa hukumu tarehe 8 Agosti 1905. Walisema kwamba kabla ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa ilikuwa na haki ya kuwapa raia wa Sultani bendera yake kwa sheria zake yenyewe; baada ya tarehe hiyo haikuweza, ila kwa wale waliokuwa watu wa himaya yake tangu kabla ya 1863. Tena wakaongeza neno moja ambalo nawaomba mlishike, kwa kuwa nitalirudia: ruhusa ile haihamishwi kwa mtu mwingine, wala kwa jahazi jingine, hata likiwa la mwenyewe yule yule.

Sasa nakuja kwa nchi yetu ya leo. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, nazo zina bendera moja mbele ya mataifa. Lakini madaftari ya meli ni mawili. Bara ina Sheria ya Meli ya mwaka 2003, na kazi hiyo yaangaliwa na Shirika la Uwakala wa Meli, liitwalo TASAC, lililoanza kazi mwaka 2018. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2006, na Mamlaka ya Usafiri Baharini. Tena Zanzibar ilifungua daftari la kimataifa, yaani meli za wageni nazo ziliweza kuandikwa humo kwa malipo. Mataifa mengi hufanya hivyo, wala si dhambi. Lakini msajili akikaa Unguja na wakala akiandika meli Dubai, nani huijua meli ile, na nani huonana na mwenyewe?

Mwaka 2012 ilionekana kwamba meli za mafuta za Irani, zilizokuwa zikikwepa makatazo ya Marekani na ya Ulaya, zilikuwa zikipeperusha bendera ya Tanzania kwa hati za daftari hilo. Zilikuwa zaidi ya thelathini, zikafutwa. Halafu mwezi wa Januari 2018 meli mbili zenye bendera yetu zilikuwa zimekamatwa ng'ambo, moja kwa madawa ya kulevya na moja kwa shehena ya baruti iliyokuwa ikipelekwa Libya. Rais Magufuli akaamuru kuandika meli za kigeni kusimamishwe, na meli 470 zichunguzwe. Wageni hawakuuliza daftari la Zanzibar au daftari la Bara. Waliona bendera, wakasema, Tanzania. Hesabu yangu ni kwamba bendera moja yapaswa kuwa na mtu mmoja wa kuulizwa, hata kama madaftari yatabaki mawili kwa ajili ya vyombo vya wenyeji. Wako watu wenye elimu wasiokubaliana nami, hasa Unguja, wala sighadhibiki.

Haya, turudi ziwani kwa yule kijana wetu. Mashua ya uvuvi huandikwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, hupewa namba, na namba huandikwa ubavuni. Tena kila mwaka sharti ipate leseni. Karatasi hizo ni za kuwajua wavuvi na kulinda samaki. Hazikutungwa ili kuamua kesi ya ndugu wawili wanaogombea mashua ya marehemu baba yao. Cheti cha TASAC nacho ni jambo jingine: huonyesha chombo kimekaguliwa na kimeruhusiwa kuchukua watu wangapi. Nacho hakizuii maji yasiingie. Kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya 220.

Kwa hiyo, mzee mwenye kahawa, na wewe kijana mwenye akiba, kabla ya kutoa fedha ombeni hati ya mauzo iliyoandikwa mbele ya mashahidi, nayo itaje namba ya mashua, urefu wake, na namba ya mtambo, kwa sababu mtambo mara nyingi una thamani kupita mbao. Mkishirikiana, sehemu ya kila mmoja itajwe. Kisha nendeni pamoja na mwuzaji kwa afisa wa uvuvi, daftari lifunguliwe, mwone jina lililomo. Mshuke ufukweni mkasome namba iliyo ubavuni, ninyi wenyewe, kwa macho yenu. Ikiwa rangi ya namba ni mbichi na mashua ni kuukuu, ulizeni ilipakwa lini na kwa nini. Wako watu ambao mashua yao ya kwanza imeoza, wakaihamisha namba yake kwa mashua nyingine wasiyoiandikisha. Waamuzi wa The Hague walilijua jambo hilo mwaka 1905. Na mwuzaji akisema karatasi zimelowa ziwani, zikapotea, mrudisheni kwa afisa yule yule akaombe nyingine, nanyi mkae na fedha zenu mpaka zitoke.